Sumaku Mbili na Swali la Mpwa Wangu

Sumaku ilinibana kidole cha shahada, nikapiga ukelele, na mpwa wangu akacheka mpaka akakaa chini.

Tulikuwa tunafungua diski ya kompyuta iliyokufa zamani. Nilitaka aone sahani zake za ndani zinavyong'aa kama kioo, lakini macho yake yalikwenda kwenye vipande viwili vya rangi ya fedha vilivyokaa pembeni, vimepinda kama mwezi mwandamo. Nikavibandua kwa bisibisi, kimoja baada ya kingine, nikaviweka mezani karibu karibu bila kufikiri. Vikarukiana. Kidole changu kilikuwa katikati.

Kuvitenganisha kulikuwa kazi. Tulivuta, tukapokezana, wapi. Mtoto ndiye aliyegundua kwamba sumaku za namna hii hazivutwi, zinatelezeshwa: unaishikilia moja ukingoni mwa meza, unaisukuma nyingine upande mpaka zinaachiana.

"Mjomba, hii ni chuma gani?"

Nikaanza kumweleza habari za madini adimu, China na Marekani, ushuru wa forodha, viwanda vya magari vilivyosimama mwaka 2025 kwa kukosa vipande kama hivi. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Sasa wenye machimbo si ndio wangekuwa wakubwa?"

Nikamjibu harakaharaka: "Penye miti hapana wajenzi." Tukaendelea na bisibisi.

Ni wiki ya sita sasa, na jibu lile halijaniacha nikae raha.

## Kilichomo ndani ya sumaku

Sehemu kubwa ya sumaku ile, kwa uzito, ni chuma cha kawaida kabisa. Chini ya theluthi moja ni neodimiamu, mara nyingi pamoja na ndugu yake praseodimiamu, na boroni kidogo. Sumaku inayotakiwa kufanya kazi kwenye joto kali, kama ndani ya mota ya gari la umeme, huongezewa disprosiamu au terbiamu ili isipoteze nguvu.

Hizi ndizo zinazoitwa madini adimu, na jina lenyewe linapotosha. Seriamu, mojawapo ya metali hizo 17, ni nyingi ardhini kuliko risasi. Ugumu uko kwingine. Metali hizi zinafanana kikemia kama pacha. Ukishachimba mwamba, ukausaga, ukapata makinikia (neno lililoingia vinywani mwa wengi mwaka 2017, Tanzania ilipozuia kuyasafirisha), bado huna kitu cha kutengenezea sumaku. Lazima uyayeyushe kwa asidi, kisha uupitishe mchanganyiko huo kwenye matangi yenye vimiminika vya kemikali, tangi baada ya tangi, mara mamia, kila hatua ikitenganisha sehemu ndogo tu ya metali moja na mwenzake. Na mwishoni unabaki na tope, ambalo mara nyingi lina thoriamu, na thoriamu ina mionzi.

Wiki ya kwanza nilikwama hapo, kwenye matangi na tope. Nilikuwa nimezoea kuhesabu nguvu kwa migodi: nani ana nini chini ya ardhi yake. Ramani zote ninazokumbuka kuchorewa shuleni zilikuwa za namna hiyo, alama ya almasi hapa, alama ya shaba pale. Hakuna ramani iliyokuwa na alama ya tangi.

## Mlango uliofunguliwa kutoka ndani

Kisa nilichokuwa nakibeba kichwani kilikuwa chepesi. China ilikamata soko, ikafunga mlango, dunia ikabaki nje.

Kisha nikasoma habari za Mountain Pass.

Huo ni mgodi ulioko California. Kuanzia miaka ya 1960 hadi miaka ya 1980 ndio uliokuwa chanzo kikuu cha madini adimu duniani. Ulisimama mwaka 2002, ukiwa umebanwa na bei ya chini ya Wachina upande mmoja na matatizo ya maji taka yake upande wa pili. Sumaku zenyewe zina hadithi inayofanana na hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Sumitomo Special Metals nchini Japani na wa General Motors nchini Marekani walizigundua kila mmoja kwa njia yake. General Motors ikaanzisha kampuni ya kuzitengeneza, Magnequench, na mwaka 1995 ikaiuza kwa kundi la wanunuzi lililojumuisha kampuni za China. Miaka iliyofuata kazi ikahama kutoka Indiana kwenda China.

Kila karatasi ilisainiwa kwa hiari. Mhasibu yeyote wa wakati ule angekuonyesha kwa nini ilikuwa busara: kazi ni chafu, faida ni nyembamba, na yuko mtu mahali fulani aliye tayari kuifanya kwa bei ya chini. Kwa nini usimwachie?

Mgodi wa Mountain Pass ulifunguliwa tena, kampuni iliyoufungua ikafilisika mwaka 2015, wengine wakaufufua. Na kwa miaka kadhaa baada ya kufufuka, ulichokuwa ukitoa ni makinikia, yakipakiwa melini kupelekwa China kutenganishwa.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Marekani, yenye mgodi wake, vyuo vyake, wahandisi wake na benki zake, ilikuwa ikisafirisha makinikia.

Basi methali niliyompa mtoto ilikuwa imepinda. Tumezoea kuitumia kuwasema maskini, kwamba wana mali na hawana akili ya kuitumia. Lakini hapa palikuwa na miti na wajenzi pia. Wajenzi waliondoka kwa sababu ujenzi haukulipa robo ile ya mwaka.

Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema mwaka 2025 kwamba, kati ya madini 20 ya kimkakati liliyoyachunguza, China inaongoza katika usafishaji wa 19, kwa wastani wa asilimia 70 ya soko. Kwa madini adimu inakaribia asilimia 90. Na Aprili mwaka huo, siku mbili baada ya Marekani kutangaza ushuru mpya kwa karibu dunia nzima, China iliweka sharti la leseni kwa yeyote anayetaka kupeleka nje metali saba za kundi hili, disprosiamu na terbiamu zikiwemo, pamoja na sumaku zenye metali hizo. Kulikuwa na fomu ya kujaza, na kulikuwa na kusubiri. Mwezi Mei Ford ilisimamisha kwa wiki moja kiwanda chake cha Chicago, na Suzuki ikasimamisha utengenezaji wa Swift.

Fomu tu. Sikupata picha bora ya nguvu kuliko hiyo.

## Muhimu kwa nani?

Wiki ya tatu nilihamia kwenye orodha. Umoja wa Ulaya una orodha ya malighafi 34 unazoziita muhimu. Ile ya Marekani ilikuwa na madini 50 mwaka 2022, na mwishoni mwa 2025 ikafika 60, shaba ikiwemo.

Shaba! Metali inayouzwa na kununuliwa kila siku katika masoko makubwa, yenye migodi katika mabara mengi. Nikarudi kusoma vigezo, na ndipo nilipoelewa kitu kilichopaswa kuwa wazi kwangu tangu mwanzo. Orodha hizi huandikwa na mnunuzi. Kinachopimwa ni kiasi gani uchumi *wake* unakihitaji kitu hicho, na hatari ya *yeye* kukatiwa. Tani moja ya kobalti, metali ya betri, ikiwa Kolwezi, mji wa machimbo nchini Kongo, ni mshahara, ni kodi, ni vumbi kwenye mapafu. Ikishaingia kwenye jedwali la mnunuzi inakuwa "hatari ya ugavi".

Ukiisoma lugha ya sera kwa jicho hilo, mambo mengine yanajitokeza. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2024 inataka, ifikapo 2030, usafishaji unaofanyika ndani ya Umoja huo utosheleze asilimia 40 ya mahitaji yake ya madini ya kimkakati, na kwamba yasizidi asilimia 65 yanayotoka nchi moja ya nje. Huo unaitwa ustahimilivu. Nchi ya machimbo ikisema nayo inataka kusafisha nyumbani, inaitwa kizuizi cha biashara.

Sisemi kwamba Ulaya imekosea. Naona lengo lake ni la haki kabisa. Nataka tu neno moja litumike kwa wote wawili.

Na ushuru wa forodha una historia yake katika hili. Katika masoko mengi tajiri umejengwa kama ngazi: jiwe ghafi linaingia bure au karibu na bure, na kadiri linavyoongezewa kazi ndivyo ushuru unavyopanda. Mtu anayeuliza kwa nini viwanda havikujengwa machimboni angeanza kwa kuiangalia ngazi hiyo kabla hajafika kwenye methali.

## Nilikuwa nashangilia

Hapa ndipo nilipobadilika, na sikubadilika kwa urahisi.

Kwa miaka mingi, kila niliposikia serikali imepiga marufuku kusafirisha madini ghafi, nilishangilia. Zimbabwe ilipozuia lithiamu ghafi Desemba 2022, nilishangilia. Namibia ilipofuata mwaka 2023, vilevile. Na mfano wangu mkuu ulikuwa Indonesia.

Indonesia ilizuia nikeli ghafi mwaka 2014, ikalegeza 2017, ikafunga kabisa Januari 2020. Umoja wa Ulaya ukaipeleka kwenye Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2022 jopo likaamua kwamba Indonesia imevunja kanuni. Indonesia ikakata rufaa kwenye chombo ambacho tangu Desemba 2019 hakina waamuzi wa kutosha kukaa, kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wao. Kesi ikaning'inia, tanuri za kuyeyushia nikeli zikaendelea kuwaka. Leo zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia inachimbwa Indonesia, na mauzo yake ya bidhaa za nikeli yalipanda kutoka dola bilioni chache hadi takribani dola bilioni 30 kwa mwaka.

Nilikuwa nikiitaja hesabu hiyo kila mahali. Sikuwahi kuuliza tanuri zinawashwa na nini.

Zinawashwa na makaa ya mawe, kwa sehemu kubwa, katika mitambo ya umeme iliyojengwa mahsusi kwa ajili yake. Nikeli inayoingia kwenye betri za magari tunayoyaita safi inatoka kwenye moshi huo. Mtaji mwingi na teknolojia ni za kampuni za Kichina, kwa hiyo kiwanda kimehamia Indonesia lakini sehemu kubwa ya mamlaka juu yake haikuhama. Na tarehe 24 Desemba 2023, huko Morowali kwenye kisiwa cha Sulawesi, tanuri moja lililokuwa likitengenezwa lililipuka. Watu 21 walikufa, Waindonesia na Wachina.

Usiku niliposoma habari hiyo kwa utulivu sikuandika kitu. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya makala nyingine kabisa, yenye kichwa cha furaha, nikaifuta.

Lakini siwezi kuzomea pia. Kuna watu Sulawesi wenye mishahara ambayo isingekuwepo kama jiwe lingeendelea kupakiwa melini. Anayewaambia warudi kuuza udongo ana wajibu wa kuwaambia watakula nini. Nilichoacha ni ile furaha ya mbali, ya mtu anayehesabu mabilioni bila kunusa hewa yake.

## Ukibana sana

Kongo ilinipa shaka nyingine, na kwangu hii ndiyo ngumu kuliko zote.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inachimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Kwa hesabu ya mpwa wangu, huyo ndiye mkubwa. Lakini mwanzoni mwa 2025 bei ilikuwa imeanguka hadi kiwango ambacho hakijaonekana kwa miaka mingi. Sehemu ya sababu iko kwenye jiwe lenyewe: kobalti ya Kongo hutoka pamoja na shaba. Bei ya shaba ikiwa nzuri, mgodi unachimba shaba, na kobalti inatoka utake usitake, hata kama hakuna anayeihitaji. Sababu nyingine iko maabara. Watengenezaji wa betri, hasa China, walihamia kwenye betri za lithiamu, chuma na fosfeti, ambazo hazina kobalti wala nikeli.

Februari 2025 serikali ikasimamisha mauzo ya nje kwa miezi minne. Ikaongeza muda. Oktoba ikaruhusu tena kwa mgawo. Bei ilipanda zaidi ya maradufu.

Ushindi? Kwa mwaka huo, ndiyo, na siwezi kulaumu nchi inayokataa kuuza mali yake kwa bei ya kutupa. Ila kila dola inayoongezeka kwenye bei ya kobalti ni sababu moja zaidi kwa mhandisi fulani kuitafuta njia ya kuikwepa. Na ndani ya Kongo kwenyewe, kampuni kubwa ina ghala na ina benki, inaweza kukaa na mzigo wake ikisubiri. Mchimbaji mdogo mwenye gunia mgongoni hana pa kusubiria.

China nayo iko kwenye mtego huohuo, kwa kiwango chake. Septemba 2010, baada ya boti ya uvuvi ya Kichina kugongana na meli za ulinzi wa pwani za Japani kwenye bahari inayogombaniwa, shehena za madini adimu kwenda Japani zilikwama. Mwaka uliofuata bei zilipaa. Marekani, Ulaya na Japani zilishtaki na zikashinda kesi mwaka 2014. Lakini Japani haikukaa kusubiri hukumu. Mwaka 2011 ilitoa dola milioni 250 kupitia shirika lake la umma na kampuni ya Sojitz, kuisaidia Lynas ya Australia kuchimba Mount Weld na kujenga kiwanda cha kutenganisha Kuantan, Malaysia.

Kisha bei zikaporomoka. Molycorp, iliyokuwa na Mountain Pass, ikafilisika. Lynas nayo ingezama, lakini Wajapani walilegeza masharti ya mkopo, wakalegeza tena, wakaendelea kununua. Utegemezi wa Japani kwa China ulishuka kutoka karibu asilimia 90 hadi karibu asilimia 60.

Miaka kumi na zaidi ya subira, na bado asilimia 60. Watu wa Kuantan, kwa upande wao, walipewa mabaki yenye mionzi na wakaandamana kwa miaka kuyapinga.

Mwaka 2025 Marekani ikafika ilipofika Japani. Mwezi Julai Wizara yake ya Ulinzi ilikubali kuwa mwanahisa mkubwa wa kampuni inayomiliki Mountain Pass, na ikaihakikishia bei isiyoshuka chini ya dola 110 kwa kilo ya neodimiamu na praseodimiamu kwa miaka kumi, karibu mara mbili ya bei ya soko ya siku zile. Naamini ni uamuzi sahihi. Bila mtu wa kubeba hasara ya miaka ya mwanzo, hakuna tangi litakalojengwa popote. Ninachokidai ni kwamba serikali hiyohiyo, na wakopeshaji wa kimataifa inaowaongoza, wasije tena Kinshasa au Jakarta kufundisha kwamba bei iachiwe soko.

## Nilichomwambia

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alirudi. Nikamwambia nilimjibu vibaya siku ile.

"Wenye machimbo si wakubwa," nikamwambia, "wala si wajinga. Mkubwa ni aliyekubali kufanya kazi ya katikati, ile chafu, miaka mingi bila faida, akalipa kwa mito yake na mapafu ya watu wake. Wengine walimwachia."

Akafikiri. "Kwa hiyo wenye machimbo nao wakubali?"

Sikuwa na jibu la haraka, na safari hii sikulitafuta. Nikamwambia inategemea nani atakunywa maji ya mto ule, na kama aliulizwa.

Hilo halikumtosha, niliona usoni. Akazichukua zile sumaku, akazitelezesha zikashikana, akaziachanisha. Akauliza tunazipeleka wapi ili zitumike tena. Nikalazimika kumweleza kwamba diski nyingi husagwa zima zima, sumaku zikavunjika vipande, zikanasa kwenye vyuma vingine, zikayeyushwa pamoja navyo na kupotea. Kiasi cha madini adimu kinachorejeshwa kutoka kwenye vifaa vilivyokufa ni kidogo mno, ilhali metali iliyo ndani yake imeshachimbwa, imeshatenganishwa mara mamia, na tope lake limeshaachwa kwa watu wengine.

"Basi tusizitupe," akasema.

Akakata kipande cha boksi, akakiweka katikati ili zisibanane, akazifungia kwenye droo. Droo ina diski nyingine mbili mbovu. Ameahidi kuja na bisibisi yake.